Odilia Tesha, Muuguzi wa Wanajeshi Wastaafu

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, na ninyi majirani mlioacha kahawa na ng'ombe mkaja kutushika mkono, mimi ni Faustin, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya dada yetu, Odilia Filbert Tesha.

Alizaliwa hapa Kilema tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili wa marehemu mzee Filbert na marehemu mama Beatha, akasoma shule ya msingi kijijini, kisha akasomea uuguzi, akahitimu mwaka 1980, na baada ya kuzunguka vituo kadhaa akaajiriwa mwaka 1991 katika hospitali ndogo ya wanajeshi wastaafu mjini Moshi. Tarehe 7 Juni 1986 alifunga ndoa na Amon Shirima, wakajaliwa watoto wawili, Jesse na Rachel, lakini shemeji alifariki mwaka 1998, watoto wakakua wakaenda kutafuta maisha mbali, na dada akabaki na chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, Moshi.

Agosti 2009 mgonjwa wake, mzee Gidioni, askari wa kawaida aliyepigana vita vya Kagera, alianguka kitandani akavunjika nyonga. Wauguzi wote wa wodi walikuwa wameitwa na uongozi kumhudumia ofisa mmoja mstaafu aliyekuja kupima presha tu, wodi ikabaki na mhudumu mmoja, Dominika, na lawama zote zikawa zake. Kikao kilipowataka wauguzi waseme alizembea ili afukuzwe, wengine waliinamisha vichwa, dada akasimama akasema, "Dominika hakuzembea. Sisi tuliondolewa kwa wagonjwa tukapelekwa kwa cheo, na mzee Gidioni naye alivaa magwanda yale yale."

Dominika alibaki kazini. Dada alihamishiwa stoo, na wenzake, kwa kuogopa kuonekana wako upande wake, wakaacha kukaa naye wakati wa chai, hata Dominika akawa anapita bila kumsalimia, ikawa hivyo mpaka alipostaafu mwaka 2018 akarudi Kilema, ambako jioni aliwasha redio ili asikie sauti ya mtu.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani. Wakati hawezi tena kuinuka, Dominika alipanda kutoka Moshi, akaomba kumwogesha, na katika kumwogesha akamwambia kwamba miaka yote ile alikuwa anaogopa. Dada akamjibu taratibu, "Ulikuwa na watoto wa kulisha, mama, nilijua. Ila ningependa ungenisalimia."

Tangu hapo Dominika hakukosa kuja, na ndiye aliyemshika mkono dada alipofariki asubuhi ya tarehe 19 Novemba 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani mliomkamulia ng'ombe, mzee Gidioni uliyekuja na magongo yako, na ninyi mliofanya kazi naye, tumewaona leo mlivyo wengi, Mungu awalipe.

Dada Odilia, Bwana akupokee, upumzike katika amani yake.