Historia ya Nicanor Owino Aketch, Fundi Aliyesikiliza Akiangalia Ukuta

Mchungaji, wazee, majirani wa Mugutha na nyinyi mliotoka mbali, nawasalimu kwa jina la Yesu, mimi ni Ochola, mdogo wake marehemu, masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo nikikwama mnivumilie.

Nicanor alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Yala, kifungua mimba wa marehemu Mzee Aketch na marehemu Mama Wilkister, na mwaka wa 1968 baba akatuleta Ngoliba alikopata kazi ya kukata mkonge. Alisoma shule ya msingi papo hapo Ngoliba hadi 1975, kisha 1979 akaandikwa kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika, ambako kwa miaka kumi na minne aliziba masikio kwa pamba akiwa kwa mashine, wenzake wakimcheka na kumuita Bwana Pamba, lakini wao walitoka huko wakiwa nusu viziwi, na yeye alisikia panya akitembea kwa jirani.

Tarehe 7 Desemba 1985 alimuoa Emmaculate Nekesa, mwimbaji wa sauti ya kwanza katika kwaya, Mungu akawapa Lynn na Mitchell. Mwaka wa 1993 alifungua kibanda cha kutengeneza redio na spika, kwanza Thika, baadaye Ruiru, na siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1994, alirekodi kwaya kwa kaseti, yeye mwenyewe hakuimba, alisimama nyuma ya mashine, na kaseti inaanza na sauti yake ikisema, "Haya, mama Lynn, anza."

Emmaculate alilala katika Bwana tarehe 19 Juni 2009. Tangu hapo, spika yoyote iliyoletwa aliijaribu kwa kaseti hiyo, akikaa ameangalia ukuta na kuonyesha kwa kidole kila mwimbaji amesimama wapi, mkewe akiwa wa tatu kutoka kushoto, na kidole kikimkosa, hiyo spika ni mbaya. Mteja akimuonyesha kwenye simu kwamba watu elfu mbili wameipa spika nyota tano, alikuwa anamuuliza, "Hao watu elfu mbili walimjua Emmaculate?"

Januari mwaka huu wa 2025 aliniita kibandani, akaniambia, "Omera, ndugu yangu, kaa hapa, angalia ukuta, uniambie ni nani anaimba besi kando ya mama Lynn." Nilisikia. Ilikuwa sauti ya Nicanor mwenyewe, yeye ambaye hakuimba siku hiyo. Niliogopa, nikamdanganya, nikasema, "Mimi sisikii mtu, hii spika imekufa, hata kwa simu watu wanasema inakoroma." Aliniuliza tena siku mbili tofauti, na mara zote tatu nilikana kama Petro. Akafungua spika zake zote, akabadilisha waya, hakupata kasoro, akaanza kurudisha kazi za wateja akisema masikio yake yamekwisha, na kibanda kikafungwa. Hilo ni kosa langu, nalikiri mbele ya Mungu na mbele yenu.

Sukari na presha zilimzidi, akalazwa tarehe 2 Septemba, na tarehe 11, saa nne asubuhi, nikiwa njiani kwenda kumwambia ukweli, akaaga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa Ruiru, kwaya, na jirani yetu Mama Shiko ambaye hakuchoka kutuletea uji.

Leo asubuhi, kabla ya mwili kufika, Lynn aliweka ile kaseti kwa spika hizi mnazoziona, nami nikakaa nikaangalia ukuta. Besi iko pale pale, kando ya mama Lynn. Lakini yale maneno yake ya kwanza, "Haya, mama Lynn, anza," hayapo, kaseti inaanza na wimbo, Lynn ameirudisha nyuma mara mbili, na nyuma ya mashine hakuna mtu.

Kaka, nilisikia. Masikio yako hayakuwa yamekwisha.

Pumzika kwa amani.