Rilei ya Marehemu Shawki

Kwenye basi dogo la kwenda mtaa wa Shubra, bibi mmoja mbele yangu alimbana fundi wake wa magari: "Usta Girgis, pampu ya mafuta ya gari letu inanguruma yenyewe kila alfajiri, saa ileile marehemu mume wangu alipokuwa akiwasha gari aende kazini."

"Waya zimegusana tu, hajja. Na rilei inayoipa pampu umeme nimeichomoa jana, hii hapa mfukoni."

"Leo imenguruma tena."

"Bila rilei? Acha utani!"

"Irudishe. Usimfungie Shawki mlango."

"Gari litawaka moto na wewe ndani, mama!"

Mimi hucheka hata matangani, nikajiandaa kucheka. Mfukoni mwa fundi rilei ikalia, "tik." Basi likazimika. Dereva akazungusha ufunguo mara tatu, kimya.

Hajja akainuka, akautazama mfuko wa fundi. "Shawki, twende. Tumefika."