Petroli ya Ziada Inaletwa na Nani?

Benchi la pembeni ya kinyozi lina mguu mmoja wa matofali, na asubuhi hiyo Spana, fundi wa pikipiki, alikalia upande huo mbovu bila kulalamika. Pikipiki ya dada yake, ile ya kusambazia mikate, ilikuwa gereji tangu jana, imefunguliwa kifua, pistoni ina tundu la kupitisha kidole. Alfajiri alikuwa amemwomba Mungu msamaha. Kwa dada yake alikuwa bado hajakiri.

Mjadala aliuanzisha mwenyewe, kwa kuzungukazunguka. Aliuliza, kama habari za watu wengine, ile dawa ya petroli ya pikipiki za mashindano inaongezaje nguvu.

Kinyozi, waliyemwita Profesa kwa kuwa husoma hata karatasi za kufungia sabuni, alisema ni jambo jepesi. Moto unataka hewa, na silinda huvuta hewa kwa kipimo chake. Dawa ile imebeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo petroli nyingi zaidi inaungua kwa mkupuo mmoja na pistoni inasukumwa kwa nguvu.

— Basi nami nikiinywa nitapanda ngazi bila kuhema, alisema Honi, dereva mstaafu.

— Utapanda, ila umebebwa, Profesa akamjibu.

Honi akadai aliwahi kuona lori lenye dawa hiyo likipanda mlima limezimwa. Profesa, asitake kupitwa, akasema iko siku njia ya hewa itazibwa kabisa na magari yatapita chini ya maji. Spana alicheka nao, kicheko cha mdomoni.

Dada alikuwa amefika na kreti tupu kiunoni, akasikiliza hadi mwisho.

— Kwenye tanuri langu nikiingiza hewa zaidi, kuni haziongezeki zenyewe. Hiyo petroli ya ziada inaletwa na nani?

Profesa akashika mkasi wake, Honi akajimiminia chai kutoka kwenye birika. Spana alilijua jibu. Kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli alipaswa kukipanua, hakukipanua. Alitaka kumshangaza dada kwa mwendo, akaimimina tu ile dawa kwenye tangi. Hewa ikazidi petroli, moto ukawa mkali, ukatoboa pistoni.

— Alipaswa kuileta fundi, dada. Injini yako nimeiunguza mimi.

Dada akamwekea kreti magotini.

— Inuka. Mikate ya mchana imeiva, utaisambaza kwa miguu, na kile kilima unakijua.

Spana akainuka, benchi likayumba. Honi aliinamisha birika amtilie kikombe cha safari, likatoa machicha ya chai tu.