Maji, Si Udongo: Maisha ya Mama Aikande Ndelilio Mchau, 1951–2024

Wachungaji, viongozi wa kijiji, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024: haya ndiyo maisha ya mama yetu Aikande, kwa ufupi kadiri alivyokubali yafupishwe. Yameandikwa na kitinda mimba wake, Winfrida, na yanasomwa mbele yenu na kifungua mimba wake, Ezra. Sehemu kubwa marehemu aliipitia mwenyewe akiwa kitandani. Alifuta sifa tatu na kuongeza jambo moja.

Aikande alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 katika kitongoji cha Ndareni, Old Moshi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Ndelilio Mchau na mkewe Ester. Kihamba cha baba yake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, kilikuwa cha mwisho kabisa juu. Ukivuka mfereji wa maji umeingia msituni, na usiku alikuwa akiwasikia mbega wakigombea malazi. Alibatizwa mwaka huo huo katika Kanisa la Kilutheri, na hadi alipougua hakukosa ibada ya kwanza, ile ambayo vijana wetu huisikia kwa mbali wakiwa wamejifunika blanketi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, alipomaliza darasa la saba. Siku moja mwalimu aliwataka wanafunzi wataje majina ya miti mitano. Aikande akasimama, akataja mitano, akaendelea. Alipofika mti wa ishirini na tatu, mwalimu akavuta kiti, akaketi. "Aikande, imetosha." Naye akajibu kwa heshima zote, "Samahani mwalimu, bado sijavuka mto." Alitamani sana kuendelea na masomo, lakini nyumbani kulikuwa na kaka wawili mbele yake na ada ya mmoja. Alilisema jambo hilo bila uchungu, ingawa alilisema mara nyingi.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na Eliona Njau, fundi mitambo katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi. Baba alipanda nyumbani Jumamosi na kushuka Jumapili jioni, na Mama alipenda kumtania kwamba ameolewa na mtu wa mwisho wa wiki. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ezra, Hellen na Winfrida. Baba alitangulia mwaka 2008, na Mama hakuondoa koti lake nyuma ya mlango hadi panya walipoliondoa wao.

Kazi yake ilikuwa kahawa, ndizi na ng'ombe wawili wa maziwa waliokula zizini. Majani ya ng'ombe hao yalitoka nusu maili, ule ukanda wa msitu ulio kati ya vihamba vyetu na msitu mkubwa, ambako wanakijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu na kukata majani kwa siku maalumu. Mwaka 1998 alianzisha kitalu cha miti ya asili nyuma ya zizi. Alifuata mbegu za mringaringa na mruka chini ya miti mama, na alihangaika miaka minne na mbegu za mseri, ule mti wa kamfa ambao wapasua mbao walikuwa wameumaliza. Mbegu ya mseri huchelewa kuota na hufa upesi. Alizipanda na kuzizika, akapanda tena. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2016 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji. Sheria zilipobadilika na hifadhi ikashuka hadi ukingoni mwa mashamba, ni yeye aliyekaa na askari wa hifadhi, chai baada ya chai, hadi akina mama wakapewa tena siku zao za kukata majani.

Alikuwa na sharti moja lililowachosha watu. Kila mama aliyeingia msituni alipaswa kubeba dumu dogo la maji, hata kama hakuwa na kiberiti. Akina mama walilalamika. "Mama Ezra, tunakwenda kukata majani au kubatiza?" Yeye alijibu maneno matatu tu: "Maji, si udongo." Nyumbani aliyamwagia makaa ya jiko maji mara tatu, hata kama chai ya mtu ilikuwa bado haijachemka. Siku ya harusi ya Hellen aliwaacha wageni mezani, akaenda kuyamwagia maji mafiga yaliyopikiwa pombe ya mbege, na wapishi wakanuna hadi jioni. Wajukuu wake, wakiongozwa na Given na Aika, walimwita Bibi Zimamoto. Sote tulicheka. Hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini.

Hapa ndipo palipo lile jambo alilotaka liongezwe.

Alhamisi tarehe 20 Februari 1997 ilikuwa siku ya kukata majani. Vuli ilikuwa imekataa, na msitu ulikauka kiasi kwamba kila hatua ilisikika. Aikande alitoka nyumbani na kikombe cha chai tu tumboni. Saa tano njaa ilimshika, akawasha moto mdogo kati ya mawe matatu, akachoma ndizi mbili. Alipomaliza alifanya kama alivyofundishwa na mama yake: akayafukia makaa kwa udongo, akakanyaga, akajitwika mzigo wake, akashuka. Kosa lilikuwa hapo. Kile alichofukia nacho hakikuwa udongo. Chini ya miti ile kuna mboji, majani ya miaka mingi yaliyooza na kukauka, nayo huwaka polepole ndani kwa ndani bila mwali. Moto ulipita chini kama fuko na kutokeza saa kumi jioni, mbali na mawe yale. Yowe likapigwa, kijiji kizima kikapanda na mapanga na matawi, na kazi ikawa ya siku mbili. Aikande alikuwa miongoni mwa wazimaji. Alirudi nyusi zimeungua, akijua anachokijua, kwa maana alikuwa ameyaona mawe yake matatu na ule mfereji mweusi uliotokea chini yake. Ziliteketea ekari thelathini na mbili.

Asubuhi ile ile, mzee Kornel Mushi, mrina asali kutoka upande wa Uru, alikuwa ameonekana akipanda na mwenge wake wa kufukizia nyuki. Nani mwingine aliingia msituni na moto? Siku ya tatu alikamatwa. Aikande alipata habari hizo akiwa zizini, akaendelea kukatakata majani. Alikuwa na watoto watatu, mume wa Jumamosi, na hofu. Kornel alifungwa miezi tisa. Mizinga yake ishirini na sita ilikuwa imeungua, na alipotoka alikatazwa kuingia msituni. Watu wakampa jina, Kornel Moto, na jina hilo wengi wetu tuliopo hapa tumelitamka, tena tukicheka.

Januari 1999 Aikande alivuka mto hadi kwa Kornel akiwa na shina la mmea wa sale mkononi. Kwa wageni waliotoka mbali: Mchagga akikuletea sale kuomba msamaha, huna ruhusa ya kulikataa. Alimweleza kila kitu, kuanzia ndizi mbili hadi mawe matatu. Kornel akalia. Mama alidhani ni hasira. Haikuwa hasira.

"Mama Ezra," alimwambia, "mimi miaka miwili nimejiuliza kama ni mwenge wangu. Nimeungama kwa padri dhambi nisiyojua kama ni yangu. Leo umenirudisha kwangu."

Akalipokea sale, akalipanda pembeni ya nyumba. Mama alipotaka kwenda kwa mtendaji kusema ukweli, Kornel alimzuia. "Una watoto shuleni. Kifungo nimeshakimaliza, hakirudishwi. Nimekusamehe, nenda kalee."

Mama alimwambia Winfrida, na akataka iandikwe hivi hivi: "Alinipa ruhusa ya kunyamaza, nami niliipenda mno ruhusa ile." Kwa sababu mwaka 2003 Emilian, mwana wa Kornel, aliomba kazi ya ulinzi wa msitu. Kamati ilikaa, na mjumbe mmoja akasema mtoto wa Kornel Moto hawezi kulinda msitu. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mama. Alisema Emilian ni kijana mzuri na mchapakazi. Neno lililohitajika hakulisema, na Emilian hakupata kazi. Tangu siku hiyo, alisema, kila cheti alichopewa kwa ajili ya miti alikigeuza uso ukutani. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Mwaka 2021 aligundulika na ugonjwa wa moyo. Hellen alimchukua akakaa naye mjini, Shirimatunda, ili awe karibu na hospitali, na alimtunza kwa namna ambayo sisi wengine hatuwezi kuilipa. Hata huko aliotesha miche kwenye makopo ya rangi barazani. Julai mwaka huu hali ilibadilika. Alimwita Winfrida, akamwambia alete daftari, akasimulia kwa siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Hayo yote mtayasoma siku ya kunizika. Nikiwa hai nilishindwa. Msinizike na jina la mtu." Alifariki katika hospitali mjini Moshi Jumatatu tarehe 9 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Hellen.

Wafiwa hatukuwa na sauti moja. Jumanne jioni, katika kikao cha familia, Ezra alikataa daftari hilo lisomwe. "Tunamzika mama au tunamshtaki?" aliuliza. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, na watu watakuja na heshima zao, haifai warudi na habari. Winfrida alimjibu kwamba mzee Kornel alirudi na habari hizo miaka ishirini na saba iliyopita, na hazikuwa hata habari zake. Hellen akasema kwa sauti ndogo kwamba mwenye kesi hajaulizwa. Basi Jumatano asubuhi watatu hao walivuka mto.

Walimkuta mzee Kornel, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, akianika maharage. "Shikamoo mzee," wakasema. "Marahaba wanangu. Poleni. Nimesikia." Winfrida akamsomea ukurasa wa moto, na Ezra akatazama miguu yake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akainua kidole.

"Mmeandika ekari arobaini. Zilikuwa thelathini na mbili. Nimefungwa kwa ekari hizo mimi, nazijua."

Hellen alicheka, halafu wote wanne wakacheka, na kicheko hicho kikageuka kilio kwa upande wa Ezra. Alipoweza kusema alimwuliza mzee kama angependa jambo hili liachwe, kwa heshima ya marehemu. Kornel aliokota punje mbili zilizoanguka kwenye majani, akazirudisha.

"Mimi ningeliacha," alisema. "Mimi nimeshazoea. Lakini Emilian ana watoto, na shuleni wanaitwa watoto wa Moto. Someni. Na asome mkubwa."

Kwa hiyo anasoma mkubwa. Sauti mnayoisikia ni ya Ezra, na kama inakatika mtaivumilia. Familia ya marehemu Aikande, mbele ya kanisa na mbele ya kijiji, inamwomba radhi mzee Kornel Mushi, mwanawe Emilian, na wajukuu wake. Tumemwomba mwenyekiti wa kijiji aandike maneno haya katika daftari la kamati, penye kikao kile cha mwaka 2003. Na kwa ruhusa ya mzee, tunawaomba nyote mliache jina lile hapa hapa leo, msishuke nalo.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, ng'ombe mmoja mwenye mimba, na miche mia mbili na kumi ya mseri ambayo inahitaji kumwagiliwa kesho asubuhi, msiba au si msiba. Ameacha pia ekari thelathini na mbili ambazo leo ukipita huwezi kujua kuwa ziliwahi kuungua. Tunawashukuru wauguzi, Usharika wa Ndareni, akina mama wa siku ya majani, ambao leo wamekuja na madumu yao bila kuambiwa, na wote waliotushika mkono.

Baada ya mchungaji kumaliza, litapandwa sale kichwani mwa kaburi, kama ilivyo desturi yetu. Sale hilo limekatwa jana kutoka shina lile lile alilovuka nalo mto mwaka 1999, ambalo sasa linampita mtu urefu. Atakayelipanda ni mzee Kornel Mushi, ambaye hakuwasha moto.

Aikande Ndelilio Mchau apumzike kwa amani.