Bi Bisibisi Anastaafu: Ukweli Kuhusu Kompyuta ya Maharage

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi wetu wa kompyuta, ambaye kituo kizima cha utafiti wa mbegu kinamwita Bi Bisibisi, atakabidhi funguo za karakana yake na kwenda nyumbani. Mhariri wa jarida hili aliniomba mimi, mtafiti wa maharage, niandike wasifu wake. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, na atakayesoma hadi mwisho ataelewa kwa nini nilisita.

Alianza kazi akitengeneza mashine za kuchapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa miezi miwili ndani ya boksi kwa sababu kila mkubwa aliogopa kuiharibu. Ni yeye aliyeifungua, kwa bisibisi aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele, na jina likamganda siku hiyohiyo. Akapewa stoo ya zamani iliyopakana na tangi la maji, yenye dirisha moja linalotazama ukuta. Saa kumi na moja jioni alikuwa akifunga mlango bila kuchelewa, maana nyumbani alisubiriwa na watoto watatu wa marehemu dada yake. Amewalea wote. Mmoja leo ni muuguzi.

Vituko havikukosekana. Mkurugenzi mmoja alimletea kompyuta aliyodai imekufa kabisa; Bi Bisibisi akaongeza mwanga wa skrini, akamrudishia, na wala hakumwambia mtu. Mkurugenzi ndiye aliyesimulia mwenyewe, huku akijicheka. Mtunza stoo naye alileta yake iliyogoma kuwaka, ikakutwa na mjusi aliyekaukia kwenye feni. "Maskini, alifuata joto," alisema Bi Bisibisi, akamtoa kwa kibano taratibu kana kwamba bado angeweza kuumia.

Hakuwa na pupa. Kabla ya kugusa chochote alikuuliza mashine iliwaka lini mara ya mwisho na ulikuwa unafanya nini. Kisha alikagua soketi, akajaribu chaja nyingine, akatoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia huku akihesabu hadi thelathini ili umeme uliobaki ndani utoke. Nyingi zilifufuka papo hapo.

Yangu haikufufuka.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano. Ndani ya kompyuta ile mpakato mlikuwa na vipimo vya misimu kumi na tisa ya maharage, karibu miaka kumi ya kuinama shambani. Madaftari ya karatasi nilikuwa nimeyatupa tulipohama ofisi. Kwa miaka sita Bi Bisibisi alinihimiza nitoe nakala, na kila mara nilimjibu kesho.

Alifanya yote niliyokwisha kuyataja. Taa ndogo ikamulika, ikazima. Alichomoa vipande vya kumbukumbu, akavisafisha, akavirudisha, akaunganisha skrini ya nje, kiza. Mwisho akaitoa diski inayohifadhi data na kuiunganisha kwenye kompyuta yake. Ikaanza kugonga: tik, tik, tik. Aliichomoa upesi, nikaona uso wake umebadilika.

"Kaka, hii tusiiwashe tena," aliniambia. "Kila ikizunguka inajikwangua. Kuna wataalamu wanaozifungua katika chumba kisicho na vumbi. Tuipeleke. Ni kama wiki tatu."

Kamati ya kupitisha mbegu mpya ilikuwa inakutana Alhamisi, na bila vipimo vile isingepitisha maharage yangu yanayostahimili kuoza mizizi. Nilimwambia jaribu mara moja tu. Akakataa. Nikamwambia tena. Akakataa. Nikashika ukingo wa meza yake, mtu mzima mwenye mvi, nikamsihi kwa machozi.

"Ikigoma hapa, haitarudi," alisema.

"Jaribu, dada. Tafadhali."

Akajaribu. Iligonga mara mbili, ikatoa sauti ya msumari kwenye bati, ikanyamaza. Tuliipeleka kwa wataalamu hata hivyo. Jibu lao lilikuwa mstari mmoja: sehemu ya diski yenye data imekwanguka, hakuna cha kuokoa.

Kikao kiliitishwa. Mkuu wa kituo alisoma ripoti ya fundi kwa sauti: "Nilijua hatari yake. Niliamua mwenyewe kuiwasha tena. Kosa ni langu." Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina.

Jina lake likafutwa kwenye orodha ya wafanyakazi bora. Wiki tatu baadaye alikuwa apokee cheti mbele ya wanawe, ambao tayari walikuwa wameshonesha nguo za siku hiyo. Mimi niliokota misimu minne niliyowahi kumtumia mwenzangu kwa barua pepe. Kumi na mitano imepotea. Maharage yale yaliyokuwa yanastahimili kuoza mizizi hayakupitishwa, na wakulima wanaendelea kung'oa mimea iliyokufa. Nimebakiza miaka sita kustaafu, yaani misimu kumi na miwili. Nimepiga hesabu kila namna. Haitoshi.

Kwa miezi mitano nilizunguka nyuma ya maabara ili nisipite mlangoni kwake. Ijumaa iliyopita nilipita. Alikuwa anapanga skrubu kwenye makopo.

"Dada, kwa nini hukuandika kwamba ni mimi niliyekusihi?"

"Mikono iliyoiwasha ilikuwa yangu."

"Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Alifunga kopo moja, akaliweka rafu ya juu. "Huo ukweli ni wako kuusema, kaka," alinijibu. "Mimi ningekusemeaje?"

Basi nausema hapa, katika jarida letu linalosomwa na wote waliokuwa kikaoni. Hakuamua mwenyewe. Alinionya, akakataa mara mbili, na mimi nikamlazimisha kwa machozi yangu. Kisha nikakaa kimya wakati anaadhibiwa. Cheti kilikwenda kwa mwingine, na sijui njia ya kukirudisha, kama nisivyojua njia ya kuirudisha misimu ile.

Dada, kwa niaba ya kituo nakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, na kwa kila mashine uliyoifufua bila kumcheka mwenye nayo. Nenda salama, afya isikupungukie, wanao wakutunze kama ulivyowatunza. Siombi msamaha wako katika kurasa hizi, maana mbele za watu ungelazimika kunipa. Nitakuja nyumbani kuuomba, na ukininyima nitarudi zangu.