Kituo Alichokichora kwa Chokaa

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wenzake wa reli mliokuja na sare zenu, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na nimeikubali kwa shingo upande, kwa sababu liko neno moja alilotuachia ambalo si zuri kulisoma mbele ya jeneza, nami nitalisoma mahali pake.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Stesheni, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli ya zamani, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa kifungua mimba wa baba aliyekuwa fundi wa njia na mama aliyewauzia abiria chai dirishani. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia 1959 hadi 1966, ambako alichapwa mara nyingi kwa kuchelewa, kwa kuwa hakukubali kuvuka kabla ya kulitazama behewa la mwisho likiishia, kisha akaenda sekondari ya bweni na kumaliza mwaka 1970, akiwa hodari wa jiografia na kichwa maji wa hesabu, jambo ambalo halikumzuia kuajiriwa na reli mwaka 1972 kama karani wa tiketi.

Mwaka 1986 alipandishwa cheo na kuwa stesheni masta wa hapahapa kwetu, na wenye umri wanakumbuka jinsi alivyofanya kazi ile, kwamba akimwona mtu anakuja mbio na mizigo, au mama mjamzito anajikokota kule kwenye kona, aliibana bendera yake ya kijani kwapani na kuanza kuitafuta mifukoni, huku dereva wa treni akimtazama na kucheka, hadi yule aliyechelewa apande. Hakuna aliyewahi kuachwa na treni ya kaka yangu, na ndiyo maana aliposema jambo la reli watu walimwamini kuliko redio.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, huyu shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, nao wakajaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1985, ambaye alikulia kwenye ofisi ya baba yake akichezea mihuri, na ambaye nitamrudia.

Alistaafu mwaka 2011, na kabla hajazoea kukaa nyumbani akaitwa na mradi wa reli ya mwendokasi, ili awe mtu wa kuzungumza na wananchi, maana reli mpya ilihitaji viwanja vyetu, na ilihitaji pia tukubali stesheni ya zamani ifungwe. Siku ya Jumapili, tarehe 19 Agosti 2012, alikuja kwenye uwanja huu wa mpira na ndoo za chokaa, akachora kituo kizima kwa ukubwa wake halisi, jukwaa la abiria, dirisha la tiketi, vyoo, ukumbi wa kusubiri, akatuambia kitajengwa hivihivi, nasi tukaenda nyumbani kuchukua viti, tukaja kukaa ndani ya ukumbi wa kusubiri, na wazee wawili wakakosana kwa kugombea upande wenye kivuli, kivuli cha paa ambalo halikuwapo. Siku ile ndipo alipopewa jina la Stesheni, nalo lilikuwa jina la heshima.

Wiki hiyo watu waliweka sahihi, viwanja vikatoka, na mdogo wa shemeji yangu, fundi cherehani mnayemjua, akabomoa banda lake la kushonea na kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa moja, akaweka mlango mkubwa na ngazi zake upande wa reli badala ya upande wa barabara, ili abiria wakishuka waingie moja kwa moja.

Treni ya kwanza ilipita tarehe 9 Julai 2016, nasi tulijipanga na viti vyetu, ikaja, ikatupeperushia kofia, ikaenda zake. Kaka alisema hiyo ni ya majaribio, kituo kitakuja na awamu ya pili, na mwaka 2019 awamu ya pili ikaja kweli, reli ikaongezwa hadi mpakani na njia ikawa mbili, lakini kilichojengwa kwetu kilikuwa ukuta, ukapita hatua chache kutoka kwenye zile ngazi, na hadi leo mgeni wa nyumba ile huingilia jikoni. Siku ukuta ulipomalizika, fundi cherehani alimkuta kaka amesimama pale, akamwambia bila kupandisha sauti, "Shemeji, treni yako tumeiona. Sasa sisi tutapandia wapi?"

Kuanzia hapo kaka alipita njia za nyuma ya nyumba, alinyolewa na mkewe uani ili asikae kwa kinyozi, na watoto walipomwita Stesheni kwa kejeli aliitika naam, akiangalia chini. Wengi wenu mlimwonea huruma, mkasema mzee wa watu naye alichezewa na wakubwa, wahandisi walimdanganya kama sisi, nanyi mkampelekea hata mboga nyumbani, naye akazipokea.

Binti yake aliajiriwa mwaka 2018, akawa dereva wa treni hiyohiyo, akitupita hapa kila siku, na mwanzoni alimpigia baba yake honi, hadi baba alipomwomba aache, akisema watu wamechoka kukumbushwa. Aliacha, na sidhani kama kuna siku iliyomuuma binti huyu kuliko ile.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwezi Mei 2022, akatibiwa hospitali ya mjini, akienda na kurudi kwa barabara, kwani alikataa kabisa kuipanda treni ile, na usiku wa kuamkia tarehe 11 mwezi huu akafariki, mkewe akiwa kando ya kitanda. Kabla ya hapo alimwambia mkewe maneno ambayo ameapa hajayaongeza wala kuyapunguza, nayo ndiyo haya: "Waambie sikudanganywa. Wakubwa waliniambia huenda kituo kikajengwa, iwapo abiria watatosha. Nikaona nikisema 'huenda' hawatakubali, nikasema kitajengwa. Halafu nikawaacha wanihurumie."

Tuliona aibu, na bado tunaona. Wengine katika familia walitaka nisisome, azikwe na neno lake, lakini hatukuweza kumzika kwa huruma ambayo haikuwa yake, kwa hiyo juzi jioni tulimwendea kwanza fundi cherehani, tukamweleza yote. Aliuliza kama viti vya msibani vinatosha, na asubuhi hii tumemkuta hapa uwanjani na majirani wakipanga viti vya majumbani mwao. Kama huko ni kusamehe hatujui, wala hatukuthubutu kumuuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, na wenzake wa reli waliojitolea kumsafirisha kwa treni, ambao tuliwajibu kwamba ingelazimika kumpitisha kwake na kumshusha mji wa mbele, na ambao pia waliomba wapige honi leo kwa heshima yake, tukawaomba wasipige. Majirani tunawashukuru kwa viti. Ni vyenu, na mmekalia palepale alipochora ukumbi wa kusubiri, na aliyesikia maneno haya akaona ainuke, achukue kiti chake aende nyumbani, hakuna mtu wa familia atakayemtazama vibaya. Watakaobaki, tunawaomba mtusaidie kumbeba.

Kaka, tumeshawaambia. Shuka sasa, upumzike kwa amani.