Mama Vyura wa Kipande Namba Kumi na Saba

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, yule kitinda mimba, na ndiye anayeusoma. Binti wa marehemu alimwomba aandike ukurasa mmoja. Umezidi, na mpiga chapa amelalamika. Lakini kuna jambo ambalo mdogo mtu alipaswa kumwambia dada yake akiwa hai, hakumwambia, na leo hana pengine pa kulisemea.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Watatu wametangulia. Mama yao alipenda kusema kwamba mtoto huyu alitoka tumboni amekunja ndita, kana kwamba amekuta nyumba haijafagiwa.

Alianza shule Januari 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, akiwa wa tatu kati ya watoto arobaini na wawili. Hakuendelea. Novemba ya mwaka huo mama yao alipigwa na kiharusi, na kitinda mimba alikuwa na miezi minane tu. Marehemu aliikunja sare yake, akaiweka chini ya godoro, akajifunga kibwebwe. Alimlea mdogo wake mgongoni huku akipika, akifua na kuteka maji. Mdogo wake alipofika umri wa kuanza shule, sare ile ilitolewa ikashonwa kaptula. Kaptula ya rangi ya wasichana, jamani! Watoto walimcheka mpaka akarudi nyumbani analia. Dada yake hakumbembeleza. Alimwambia, "Lia, ukimaliza uikunje vizuri, kesho unaenda nayo." Akaenda nayo, na akasoma mpaka kidato cha nne.

Tarehe 2 Februari 1970 marehemu aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafanya kazi humo miaka arobaini na mmoja. Alianza kwenye mapipa ya kuloweka, akamalizia kwenye pasi kubwa ya mvuke. Aliweza kukunja shuka peke yake, kona kwa kona, huku anakusengenya mbele yako na wewe unacheka. Chumba kile hakikuwa na dirisha la maana, na dawa ya kung'arisha mashuka iliwakaba wote kooni. Alipostaafu tarehe 31 Machi 2011 alitoka na saa ya ukutani na kikohozi.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Marehemu aliongea kwa niaba ya wote wawili. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni mwalimu wa chekechea. Mume alifariki Oktoba 2010, miezi michache kabla ya mkewe kustaafu. Baada ya kustaafu marehemu alikaa ndani, mapazia yamefungwa, akiangalia saa ile ya ukutani. Hakupika. Alimwambia binti yake, "Sina wa kumfulia, sina wa kumpikia. Sasa mimi ni wa nini?" Binti alishika tama.

Ndipo halmashauri ikagawa kiwanja kilichokuwa kimekaa bure nyuma ya tangi la maji, vipande thelathini vya bustani kwa atakayeomba. Binti alimjazia mama yake fomu bila kumuuliza. Marehemu alipewa kipande namba kumi na saba. Siku ya kwanza alikuta vioo, matairi na magugu yanayofika kiunoni, akasema, "Hiki wamenipa adhabu." Kesho yake alikwenda tena.

Mwaka wa kwanza alipanda kabichi, na makoa, wale konokono wasio na gamba, wakazila zote. Wenzake walinunua sumu. Yeye alikataa katakata, alikuwa amevuta dawa za kutosha maishani. Aliwauliza watu, akasoma, akajua kwamba koa anamwogopa chura. Basi akachukua chungu kilichopasuka, akakifudikiza kivulini, akaacha mlango mdogo kwa chini. Akafukia beseni kuukuu mpaka ukingoni, akalijaza maji, akapanga mawe ndani ili anayeingia aweze kutoka. Akatoboa gogo kwa keekee, vitundu vingi vya urefu wa kidole, kwa ajili ya nyuki wale wasioishi mzingani. Na pembeni kabisa akarundika matawi na majani makavu kwa ajili ya kalunguyeye, mnyama mdogo mwenye miiba anayekula wadudu.

Fundi viatu wa kipande cha kumi na nane alimtania: "Mama, sisi tunafukuza, wewe unapangisha!"

"Angalau wapangaji wangu hawapigi redio," akamjibu.

Wakamwita Mama Vyura, na jina likamkaa. Mapazia ya nyumbani yakafunguliwa. Alimpeleka mdogo wake mara nyingi kuona, na kila mara alimrudia neno moja: "Lundo halichomwi. Ukitaka kuliondoa, unalihamisha kwa mikono, tawi moja moja. Kuna mtu amelala humo." Aliwaita watu, wote, hata vyura.

Tarehe 11 Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa. Mapafu yalikuwa yamechoka. Siku tatu baadaye ikaja barua ya kamati ya bustani: kipande namba kumi na saba ni kichafu, kitakaguliwa Jumatatu tarehe 20, na kisiposafishwa atapewa mwingine. Mdogo mtu aliificha barua ile mfukoni. Alihofia kwamba dada yake akinyang'anywa kipande, hatainuka tena kitandani.

Jumamosi tarehe 18 alikwenda na reki, toroli na panga. Yeye alikuwa mtunza shule kwa miaka thelathini na mitatu, na kila Jumamosi ya miaka hiyo alifagia majani ya uwanja mzima, akayakusanya, akayatia kiberiti. Alipalilia, alikata, alipanga mawe. Chungu cha chura alikisafisha akakisimamisha wima, kipendeze. Alipofika kwenye lundo la pembeni, alikumbuka. Hilo lazima lisemwe. Hakusahau. Alilitazama, ikawa saa kumi jioni, mgongo unamuuma, akajiambia: humu hamna kitu, ni majani tu. Akawasha.

Moto ulishika haraka. Kisha ikasikika sauti nyembamba, mdogo mtu hajawahi kusikia sauti ya namna ile. Alilivuta lundo kwa reki, alikanyaga moto kwa viatu, wapi! Alipoyatawanya majivu alimkuta kalunguyeye mama, na chini yake watoto wanne. Aliwafukia karibu na maharage.

Jumatatu mwenyekiti wa kamati alikuja, akaangalia, akampa mkono. "Sasa hii ndiyo bustani," akasema.

Mdogo mtu alikwenda hospitalini amekusudia kusema. Hakupewa hata nafasi ya kukaa.

"Watu wangu hawajambo?"

"Hawajambo."

"Kalunguyeye je? Nilimwona anabeba majani mdomoni. Amezaa?"

"Amezaa. Wanne."

"Nilijua!" Marehemu alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi akaja kuwakaripia wote wawili.

Kuanzia siku hiyo aliuliza kila siku, na kila siku mdogo wake alijibu. Wamefumbua macho. Mmoja ni mzembe, anabaki nyuma. Mmoja ameangukia kwenye beseni akatoka mwenyewe kwa yale mawe. Binti alimshukuru mjomba wake kwenye korido: "Mama anakungoja wewe tu. Ukija ndipo anakula." Basi akaendelea kudanganya. Alijiambia ni dawa. Usiku hakulala, na asubuhi alitunga mengine.

Jumanne tarehe 4 Juni marehemu alimtuma binti yake alete fomu ya kumhamishia mdogo wake kipande. Aliijaza kwa mkono wake, herufi zinapanda na kushuka, akampa mdogo wake atie saini. Penye nafasi ya sababu alikuwa ameandika: *Mdogo wangu amewatunza watu wangu. Hakuchoma lundo.*

Mdogo mtu aliisoma mara mbili. Dada yake alikuwa anamtazama, ametabasamu. Akachukua kalamu, akatia saini.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mdogo wake alikuwa njiani kwenda hospitalini.

Fomu ile amemrudishia binti wa marehemu, aichane au ampe anayestahili. Mpiga chapa aliuliza kama aya hizi za mwisho zitolewe. Aliambiwa aziache, ili msomaji asipate pa kuruka.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na mdogo mmoja.

Dada, hawakuwa hawajambo. Mimi niliwachoma, nikala nawe chakula cha hospitali nikikusimulia wanavyokua. Nisamehe, kisha upumzike kwa amani.